Hatua Ishirini Nyuma

Warsaw, 3 Juni 2024

Bi Nassra,

Shikamoo. Ninachapa kwa mkono mmoja, wa kushoto, kwa hiyo makosa utayasamehe. Namtumia Ulfat, yeye atakuchapishia.

Niliondoka bila kukuaga vizuri na jambo hilo linaniuma kuliko mkono wenyewe. Watu wa bima walikata tiketi bila kuniuliza, wakanipigia simu asubuhi kwamba ndege ni ya jioni. Nilishuka kwako nikakukuta unaswali. Nilingoja kidogo, kisha nikaacha funguo kwa Ulfat.

Tangu Mzee Talal afariki mwezi wa Februari wewe umo ndani ya eda, hutoki, kwa hiyo habari zangu ulizisikia kwa watu, na watu huongeza. Nataka uzisikie kwangu.

Jumanne ile, tarehe 14 Mei, nilikuwa narudi kutoka darasani Vuga, kama saa kumi na moja jioni. Katika uchochoro wa mwisho kabla ya kwetu Kiponda ikapita vespa na vijana wawili. Wa nyuma akavuta mkoba wangu. Mkanda ulikuwa umepita kifuani, nikaburutwa hatua kadhaa mpaka ukakatika, nikaangukia mkono. Nilipoinua kichwa, mtu wa kwanza kumwona alikuwa yule fundi viatu wa kona ya Sokomuhogo. Ameinama juu yangu, na kipande cha mkanda kiko mkononi mwake. Nikapiga ukelele wa mwizi. Watu walikuja kutoka kila mlango. Walimpiga mpaka polisi walipofika, nami nilikaa chini nikitazama.

Kuna jambo sikukwambia kwa sababu ulikuwa na msiba wako. Mtu yule alikuwa akinifuata kwa mwezi mzima. Kabla sijaja Zanzibar nilipewa kijitabu cha usalama kwa wageni. Kinasema usitembee na simu mkononi, badilisha njia, na ukihisi unafuatwa andika tarehe, saa na ulichokiona. Unanijua mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Niliandika yote kwenye daftari langu la bluu. Mara kumi na tisa.

Polisi wanasema bila shaka wale wa vespa ni wenzake, yeye anachunguza na wao wanavuta. Yuko rumande. Mwendesha mashtaka ameniandikia akiomba maelezo ya kiapo, na tafsiri ya daftari.

Nimechoka, Bi Nassra. Wamenitia chuma kwenye kifundo cha mkono, nalala mchana kutwa, na kwenye ngazi za nyumba yetu mtu akiwa nyuma yangu nasimama ukutani mpaka apite. Jana alikuwa mtoto wa jirani na mkate wake.

Eda yako inakwisha lini? Nakukumbuka, na chai yako ya tangawizi.

Dorota


Kiponda, 14 Juni 2024

Mwanangu Dorota,

Marahaba. Barua yako Ulfat ameichapisha kwa herufi kubwa za vipofu, kwa heshima ya macho yangu. Mimi naandika kwa kalamu, yeye atapiga picha akutumie, na kabla ya kutuma atasoma, na akishasoma atamsimulia baba yake. Hiyo ndiyo raha ya kuwa na mtoto wa shemeji msomi ndani ya nyumba. Ulfat, ukifika hapa usinune.

Pole kwa mkono. Ulfat aliniambia umevunjika, nikadhani ni kidole.

Eda imekwisha juzi. Miezi minne na siku kumi. Nimeoga, nimebadilisha nguo, nimefungua mlango, nikasimama kizingitini. Jua lilikuwa kali, nikarudi ndani. Watu wanadhani mjane akitoka eda anatoka mbio. Mimi nilikuwa sijui niende wapi.

Sasa nataka kukuuliza kitu na usinikasirikie. Ulimwona akivuta? Kwa macho yako, mkono wake kwenye mkoba? Jina lake Himid. Ni mtu wa Tumbatu, nyumba yake iko Ng'ambo, amekaa pale kona na sanduku lake miaka ishirini na mbili. Marehemu hakumpa fundi mwingine viatu vyake. Vichochoro vyetu vyembamba, unavijua, wote tunafuatana. Mtu kuwa nyuma yako si lazima awe na jambo na wewe.

Shemeji yangu Khelef, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba hii, anasema tusijitie katika mambo ya polisi, kwamba nyumba ya wageni ikishatajwa polisi wageni hawaji. Labda kweli. Mimi sijui mambo hayo.

Ila kama unaweza, hayo maelezo usiyatume kwanza. Ngoja. Ponesha mkono.

Nimefurahi umeikumbuka chai. Huyu mpangaji wa sasa hapo juu anakunywa maji ya moto matupu.

Nassra


Warsaw, 22 Juni 2024

Bi Nassra,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara tatu, na kila nikifika kwenye neno "ngoja" nashindwa kuendelea.

Kuna mwenzangu aliishi huko kwenu miaka miwili. Siku niliyorudi aliniambia, watakuandikia uache kesi. Watakuuliza una hakika gani. Mtu wao ni mtu wao na mgeni ni mgeni. Nikamwambia labda wengine, lakini Bi Nassra hayumo. Nilimwambia kwa hasira.

Umeniuliza kama nilimwona akivuta. Sikumwona. Nilimwona mara kumi na tisa kabla ya siku hiyo. Daftari nimeliandika kwa Kipolandi, nakutafsiria machache nawe upime.

"Aprili 15. Nimepita kona. Fundi viatu ameweka sindano chini, amefunga sanduku, amesimama. Yuko nyuma yangu."

"Aprili 18. Nimesimama kununua ndizi. Naye amesimama. Hakununua kitu."

"Aprili 24. Nimebadilisha njia, nimepitia Hurumzi. Yuko nyuma yangu, umbali uleule, kama hatua ishirini."

"Aprili 29. Vijana wawili wako juu ya vespa karibu na msikiti. Amekohoa kwa nguvu, kama ishara."

"Mei 2. Nimegeuka ghafla nikamtazama. Ameinamisha macho."

Na kitu kimoja ambacho sikukiandika kwa sababu kilikuwa kila siku. Hakunisalimu hata mara moja. Katika mji ambao wauza samaki wananisalimu, watoto wananisalimu, watu nisiowajua wananiuliza habari za kwetu, mtu mmoja tu alinipita kimya, na ndiye aliyekuwa nyuma yangu kila jioni. Mtu mwenye nia njema hasalimu?

Maelezo nimeyatuma juzi, pamoja na tafsiri. Kesi ni tarehe 27 Agosti.

Sijui kwa nini nakuandikia kwa ukali. Nyumbani kwako ndipo mahali pekee huko nilipolala bila kufunga kitasa cha chumba. Nilidhani ungekuwa upande wangu.

Dorota


Kiponda, 30 Juni 2024

Mwanangu Dorota,

Marahaba. Barua yako imefika. Sina la kukujibu humu.

Juzi alikuja Wanu, binti wa Himid. Anasomesha skuli ya chekechea. Alikaa na mimi nusu saa, akanywa chai, akasifu mapazia, akaeleza habari za kesi ya baba yake kama anayeeleza habari za mvua. Hakuniuliza kitu hata kimoja. Angeniuliza ingekuwa nafuu.

Yule mpangaji wa maji ya moto kumbe ni bibi wa kwenu, naye anaondoka Alhamisi. Nitampa kifurushi akuletee, mdalasini na iliki. Kifungue mwenyewe.

Sijaacha kuwa upande wako.

Nassra


Kiponda, 3 Julai 2024

Mwanangu Dorota,

Hii haikupita mkononi mwa Ulfat. Iko chini ya iliki, na naomba Mungu yule bibi asiimwage njiani.

Himid alikuwa akikufuata. Umeandika kweli tupu, tarehe zako zote ni sawa. Alikufuata kwa sababu mimi nilimwomba.

Marehemu alipokuwa hai alikaa barazani kila jioni mpaka uingie wewe ndipo naye aingie. Ulidhani anapunga upepo. Upepo gani pale, na ukuta wa jirani uko puani. Alikuwa anakungoja. Alipokufa baraza likabaki tupu, na mwanzoni mwa Aprili sheha wa mtaa akapita nyumba zote zenye wageni akasema kuna vijana wa vespa wanavuta mikoba ya wageni, kila nyumba ichunge wake. Nani achunge? Mimi sitoki. Khelef anachunga televisheni.

Idd ilipopita Himid akaja kubisha hodi. Alileta makubadhi ya marehemu, yalikuwa kwake tangu Januari, ameyashona upya kanda zote mbili na hakujua ampe nani. Khelef hakuwepo, Ulfat yuko chuoni. Mwanamke wa eda hasemi na mwanamume wa nje ila kwa dharura, na makubadhi si dharura. Ilikuwa nimwache aondoke. Nikasimama nyuma ya mlango, nikaufungua kiasi cha mkono kupita, nikayapokea. Halafu nikamwambia, "Himid, mgeni wangu anarudi peke yake jioni. Nakuomba umfuate kwa mbali, mpaka aingie ndani." Akanijibu, "Nshafahamu, Bi Nassra." Akaenda zake. Hayo ndiyo maneno yote tuliyosema.

Umeuliza mtu mwema hasalimu. Kwetu mwanamume asiye ndugu yako haongozani nawe njiani. Akikaa ubavuni mwako watu watasema, akikusalimu kila jioni saa ileile watasema zaidi. Anayekutakia heri anabaki nyuma, macho chini, kimya, ili jina lako lisishikwe na mtu. Mimi nilipokuwa msichana nikienda kwa mashangazi zangu alinifuata hivyo mtu wa kaka yangu, na nilikuwa nikizisikia zile nyayo nyuma moyo unatulia. Mpaka leo. Wallahi haikunipitia akilini hata dakika moja kwamba kwenu nyayo za nyuma ni kitu cha kuogopesha. Nilikupa kile ambacho mimi kingenituliza, na wewe ukakiandika kwenye daftari la bluu.

Utasema kwa nini sikukwambia. Ungekataa. Ulishaniambia mara ngapi kwamba wewe si mtoto. Na kama usingekataa ungemshukuru, na wewe ukishukuru unashukuru kwa sauti, Sokomuhogo nzima ingejua kwamba mjane wa Talal anatuma wanaume kutoka ndani ya eda.

Hapo ndipo penyewe. Siku ya pili ya kuvamiwa kwako polisi walikuja asubuhi. Khelef akakaa nao barazani, mimi niko nyuma ya pazia. Wakamuuliza, "Huyu Himid mnamjua?" Khelef akasema, "Hatumjui. Fundi viatu tu wa njiani." Mtu aliyekula pilau ya harusi yangu. Nilifungua mdomo. Lakini Khelef anataka nyumba hii iuzwe, ana watu wa hoteli wanaomngoja, na kizuizi chake ni mimi. Nikisema nilisimama mlangoni na mwanamume, atanambia kaka yake hajakauka udongo na mimi nshaanza. Atawaambia ndugu wote, na nitatoka humu na sanduku moja. Nikaufunga mdomo. Nikajiambia Himid mwenyewe atasema.

Hakusema. Wanu kanieleza. Walimuuliza alikuwa anafanya nini pale, akajibu, "Nnakwenda zangu." Wakamuuliza tena na tena, jibu lake ni hilo. Alijua nimo eda. Wale waliompiga walimvunja vidole viwili vya mkono wa sindano siku ile, na mpaka leo ananisitiri.

Eda imekwisha tarehe 12 Juni. Tangu siku hiyo kila nikiamka nasema leo nitakwenda, na kila leo inapita. Sina udhuru tena. Naona aibu, basi. Na niliposema wewe ungoje, nilitaka usiseme wewe ili nisiseme mimi. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya barua ile, hakuna hekima yoyote ndani yake.

Sikuombi msamaha kwanza. Wa kwanza si wewe.

Nassra


Warsaw, 11 Agosti 2024

Bi Nassra,

Shikamoo. Kifurushi kimefika jana. Yule bibi alikwenda bara kutazama wanyama, kisha akakaa kwa binti yake Krakow wiki tatu, halafu akakumbuka. Barua imechukua wiki tano na nusu na inanuka iliki. Barua hii namtumia mwalimu wangu wa Vuga, Bi Afra, atakuletea mkononi ndani ya bahasha.

Jana nimekaa na daftari la bluu. Sikulifungua tangu Juni. Nikasoma mistari yote, na ile ambayo sikuitafsiri pia, kwa sababu niliiona haina maana.

Karibu kila siku nimemalizia hivi: "Amesimama mpaka nimefunga mlango. Kisha nasikia anageuka." Mara kumi na tano nimeandika hivyo. Sikumtafsiria mwendesha mashtaka hata mara moja. Nilikuwa nakata pale hofu yangu ilipoishia.

Tarehe 29 Aprili. Vijana wa vespa wako karibu na msikiti, yeye akakohoa kwa nguvu. Mstari unaofuata, kwa mkono wangu mwenyewe: "Vespa imeondoka." Na yale maneno "kama ishara" hayamo daftarini. Nimetafuta. Niliyaongeza mimi wakati wa kutafsiri, na nilikula kiapo juu yake.

Bado kuna jambo, na hili hajui mtu. Tarehe 14 Mei nilitoka darasani mapema makusudi. Nilipofika karibu na kona nikangoja mpaka ameinama kwenye kiatu cha mteja, nikapita mbio. Kijitabu kinasema ukifuatwa mpoteze. Nilimpoteza. Nakumbuka nilijisifu. Nilikuwa peke yangu katika uchochoro ule kwa mara ya kwanza tangu Aprili, na hapo ndipo vespa ikaja. Lazima aliniona mwishoni, au aliambiwa na mtu, kwa sababu alipofika kwangu alikuwa anahema. Nilikumbuka kule kuhema kwake kwa miezi mitatu kwa ubaya.

Asubuhi hii nimeandika kwa mwendesha mashtaka. Nimeeleza yote niliyoyakosea, na daftari zima nimempa mtafsiri wa kiapo. Sikukutaja wewe. Amenijibu haraka, kwa adabu. Anasema maelezo mapya yamepokelewa, lakini mlalamikaji kubadilisha maneno akiwa mbali ni jambo la kawaida, watu hutishwa, watu hulipwa. Mshitakiwa mwenyewe hasemi kwa nini alikuwa akinifuata. Kesi haiwezi kusimama wala kuanguka kwa barua yangu. Anahitajika mtu anayejua sababu, asimame aseme.

Nimeiweka habari hii mbele yako jinsi ilivyo. Sikwambii nenda. Ningeweza kuja, lakini daktari hajaniruhusu kusafiri kabla ya kunitoa chuma, na hata nikija, nitasema nini? Mimi nilimwona tu.

Himid nimemwandikia barua tano. Zote nimezichana. Kila moja inaanza na kueleza kwa nini niliogopa.

Dorota


Ng'ambo, 5 Septemba 2024

Mwanangu Dorota,

Marahaba. Anwani ya Kiponda iache. Niko kwa dada yangu Mwanaasha, chumba cha nyuma, dirisha langu linatazama fundi wa magodoro na kutwa nzima nafuta vumbi la pamba. Sanduku si moja, ni mawili. Nilikosea hesabu.

Bi Afra aliniletea barua yako, akakaa mpaka nimemaliza kusoma, hakuuliza kitu. Mji huu watu wakitaka kukuua wanakuja kukaa bila kuuliza.

Siku mbili kabla ya kesi nilimwambia Khelef mwenyewe, mezani, Ulfat yupo. Sikutaka ayasikie mahakamani. Hakupiga kelele. Alimaliza kula, akanawa, akasema, "Basi shemeji nshajua." Kesho yake asubuhi shangazi zake wawili walikuja kuniangalia usoni. Nyumba inauzwa. Fungu langu nitapewa inshallah, na inshallah ya Khelef ni ndefu. Ulfat alilia. Ndiye aliyenifungia masanduku, na ndani yake amenitilia simu yake ya zamani na karatasi ya maelekezo, kwamba nisitegemee mtu kunipigia picha barua. Nilimsema vibaya yule mtoto.

Tarehe 27 nilikwenda. Hakimu ni mwanamke, wa umri wako au zaidi kidogo, ana mafua, anapenga kamasi kila dakika. Himid alikuwa amekaa ubavuni, amekonda, ndevu nyeupe, kandambili za mpira miguuni, mkono ameuweka mapajani. Hakunitazama. Nikaulizwa namjua vipi mshitakiwa. Nikasema yote, mlango, makubadhi, maneno niliyomwambia na aliyonijibu. Khelef alikuwa amekaa nyuma, namsikia anatikisa funguo za gari. Hakimu akaniuliza, "Kwa nini hukusema tangu mwezi wa Mei?" Nikamwambia, "Niliona haya." Akaandika. Nilikuwa nimejitayarisha kuulizwa haya gani, haya ya nini, nimeshona majibu wiki nzima. Hakuuliza. Labda kwake lilikuwa neno la kutosha, labda alitaka kwenda kunywa dawa.

Daftari lako lilisomwa pia, kurasa mbili tatu, pale pa mlango kufungwa. Lilisomwa na karani anayesoma vibaya, lakini lilisikika. Hakimu akamgeukia Himid akamuuliza kama ana la kusema. Akasema hana.

Akaachiwa palepale. Siku mia na tano, Dorota. Nilizihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Na mimi nimesimama mbele ya hakimu muda wa chai kupoa.

Vidole vyake vimeunga vibaya. Sindano ya ngozi haishiki, kajaribu. Kona yake amekwishakaa kijana anauza vifuniko vya simu. Jumamosi alikwenda zake kwao Tumbatu na Wanu akamsindikiza mpaka Mkokotoni. Wanu anasema amekwenda kupumzika. Sikumuuliza mpaka lini.

Barua ya sita usiichane. Usieleze kwa nini uliogopa. Mwambie uliogopa, na mkono unapona, na mtumie Wanu. Atamsomea. Akikujibu atakujibu, asipokujibu ndiyo hivyo. Mimi nilikwenda kwake Ijumaa nikasimama uani, na yeye akatoka mlangoni, tukatazamana kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, na nikasema nililosema. Akasema, "Yashapita, Bi Nassra." Sauti yake si ya mtu ambaye yamempita. Lakini alinipa kiti.

Nimekwambia ya Ijumaa kabla ya kumaliza ya siku ile ya kesi, na hiyo ndiyo niliyotaka hasa uijue.

Nilipotoka mahakamani Khelef alikuwa amekwishaondoka na gari. Wanu alikuwa amemwitia baba yake teksi, nikaona amemshika mkono wanaiendea. Nikaanza kurudi kwa miguu. Vuga mpaka Kiponda, njia yako wewe. Miezi saba sijaipita. Watu wa Sokomuhogo walikuwa wanajua tayari, sijui nani aliwawahi, wanawake wakaacha kupepeta wakanitazama, hakuna aliyenisalimu. Nikapita kona yake. Nikaendelea. Nilikuwa nimechoka mno, na natembea nikifikiri sasa chochote na kije.

Nikaingia kwenye uchochoro wa mwisho, pale ulipoangukia. Nikasikia nyayo nyuma yangu. Kandambili zile za mpira, moja ina mkanda uliolegea, inapiga chini. Umbali ni uleule ulioandika.

Sikugeuka. Nilikwenda polepole, kwa sababu nilimwonea huruma na kwa sababu nilitaka njia isiishe. Nikafika mlangoni, nikatia ufunguo, nikaingia, nikafunga. Nikasimama nyuma ya mlango, palepale niliposimama na makubadhi.

Nyayo zikasimama. Kisha nikasikia anageuka.

Mama yako,
Nassra